Sura ya Nne: Nani Atakuulizia?

Mhitimu wa chuo anapohamia Dar es Salaam kuanza kazi, vitu vya kutafuta anavijua. Atatafuta chumba, na mwenye nyumba atamdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Atatafuta godoro, jiko la gesi, feni, na njia ya daladala isiyomchelewesha kazini. Kanisa halimo katika orodha hiyo, maana anaamini hilo halina haraka. Jumapili ya kwanza amechoka na kuhama. Jumapili ya pili anafua. Ya tatu anakwenda kanisa la karibu na kukaa nyuma. Wageni wanapoombwa wasimame wajitambulishe, yeye anabaki ameketi, na ibada ikiisha anatoka pamoja na umati hadi kituoni. Miezi inapita. Siku moja mama yake anapiga simu kutoka Mbeya: "Mwanangu, unasali wapi huko?" Naye anataja kanisa lile aliloingia mara moja.

Kwa muda wote niliokaa na vijana wa kanisa, wachache sana nimewaona wakiacha imani kwa sababu ya hoja. Wengi waliiacha kwa kuhama. Hawakumkana Kristo, wala hawakugombana na mchungaji. Walihama mtaa, na hakuna aliyewaulizia.

Sura hii inahusu miaka hiyo, tangu kijana anapotoka chuoni hadi anapokuwa na nyumba yake. Ninalotaka kusema ni moja: kijana anahitaji kundi dogo la waamini ambalo asipofika, mtu ataona pengo lake na kumfuata. Bila hilo, vipindi vizuri vya sifa na mahubiri mazito havitamshika kwa muda mrefu.

Chuoni kila kitu kilikuwa tayari

Ushirika wa chuo ulikuwa mzuri, na ulikuwa rahisi. Wakatoliki walikuwa na TMCS, Waadventista walikuwa na TUCASA, wengine walikusanyika katika USCF, TAFES au CASFETA. Sala ya mchana ilifanyika hatua chache kutoka darasani, mazoezi ya kwaya jioni, mkesha Ijumaa. Aliyelala kitanda cha juu alikuwa mpiga kinanda, na katibu wa kikundi alisoma kozi ileile unayosoma wewe. Ukikosekana siku mbili, mtu alikukuta kwenye vimbweta akakuuliza kulikoni. Hukuutafuta ushirika, mliishi ndani yake.

Tena mlikuwa rika moja. Mliombea mitihani, mkopo uliochelewa na uchumba. Kazini maombi yanabadilika. Bosi anataka usaini hati ya mzigo ambao haukufika. Baba amepata kiharusi, na nyumbani kwenu mwenye mshahara ni wewe peke yako. Mdogo wako anasubiri ada. Mfanyakazi mwenzako, mtu mwema, anakuuliza swali la dhati kuhusu imani yako na huna la kumjibu. Hapo rika halitoshi, kwa kuwa wenzako nao wanakutana na mambo hayo kwa mara ya kwanza.

Viongozi wa vikundi vya chuo wanaweza kufanya jambo moja kubwa kabla ya ibada ya kuwaaga wahitimu. Kila anayeondoka waandike jina lake, anakokwenda, na jina la mtu mmoja atakayempokea huko. Makanisa yetu yana utaratibu wa barua ya utambulisho kwa mshiriki anayehama. Ni utaratibu mzuri, ila vijana wengi hawaikumbuki barua hiyo mpaka siku wanapotaka kutangaza ndoa.

Umati hauulizii

Katika miji yetu yako makanisa yenye ibada tatu au nne kila Jumapili, na zote zinajaa. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Humo kuna mafundisho yaliyoandaliwa vizuri na kwaya zilizofanya mazoezi. Lakini mtu anaweza kuhudhuria mwaka mzima bila yeyote kujua jina lake, na baadhi ya vijana huyapendea hilo hasa. Baada ya kuchunguzwa na shangazi, jirani na mzee wa kanisa tangu utotoni, kutojulikana kunaonekana kuwa uhuru.

Kisha kuna simu. Leo kijana anaweza kusikiliza mahubiri akiwa kwenye foleni ya Ubungo, akapokea neno la asubuhi kwenye WhatsApp kabla hajaamka vizuri, na kushiriki mkesha akiwa kitandani. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku au mtu aliye mbali na kanisa lolote, huo ni msaada wa kweli. Lakini mahubiri ya simuni ni kama harufu ya pilau ya jirani: inapendeza, inaamsha njaa, lakini hakuna aliyekuwekea sahani. Mhubiri yule hajui kwamba wiki hii hukula mchana, na hatajua ukiacha kumsikiliza.

Umati una kazi yake. Unamkumbusha mtu kwamba hayuko peke yake katika imani. Kumfahamu mtu huyo ni kazi nyingine, na inahitaji watu wanaotosha katika sebule moja.

Jumamosi alfajiri

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliamua kwamba kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo liwe jambo la kwanza katika kazi ya kichungaji. Parokia zilikuwa kubwa mno kwa watu kujuana, na maaskofu waliona kwamba Kanisa lazima liwe na mahali ambapo jirani anamjua jirani. Hivi leo Mkatoliki wa Tanzania anaitaja jumuiya yake kama anavyoutaja mtaa wake. Walutheri nao wana jumuiya za nyumba kwa nyumba, na makanisa mengi ya Kipentekoste yana makundi ya nyumbani.

Utaratibu wake unafahamika. Sehemu nyingi mnakutana Jumamosi kabla jua halijawa kali, leo kwa mama huyu, wiki ijayo kwa baba yule. Viti vya plastiki vinapangwa uani. Mnaimba, mnasoma somo la Jumapili, na anayetaka anasema neno lililomgusa. Kisha matangazo: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amejifungua, nani amehamia. Mfuko unapita. Jua linapoanza kuchoma, kila mtu ameshaelekea kwenye shughuli zake.

Vijana wananiambia, "Jumuiya ni ya wazazi." Wanachosema ni kweli. Ukifika utakuta akina mama wengi, wazee wawili watatu, na watoto wanaosubiri chai. Mazungumzo yatakuwa juu ya michango na msiba wa wiki iliyopita. Hakuna gitaa. Na pengine utaombwa usome somo kwa sababu macho yako bado yanaona vizuri.

Lakini tazama wanachokijua watu hao. Yule mama amemzika mume, akasomesha watoto wanne kwa genge la mboga, na bado anaomba. Yule mzee alifukuzwa kazi kwa kukataa kusaini kitu ambacho hakikuwa sahihi, na anaweza kukueleza waziwazi mwaka uliofuata ulikuwaje. Kijana anayesali na watu wa umri wake tu hana mahali pa kuona imani ikiwa na mvi. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo, alimkumbusha kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Katika mji wa ugeni, jumuiya inakupa akina Loisi wapya.

Nakumbuka kisa kimoja. Binti mmoja, mhasibu aliyekuwa akiishi peke yake katika chumba cha kupanga, hakufika jumuiya Jumamosi moja. Asubuhi hiyohiyo mwenyekiti, mama wa makamo, alipita kwake. Aliona viatu vya kazini viko nje na mlango umefungwa kwa ndani. Aligonga mpaka ukafunguliwa. Binti alikuwa na homa kali tangu usiku wa Alhamisi, na hakuwa na nguvu ya kwenda dukani kununua vocha. Walipanda bajaji hadi kituo cha afya, na mama akakaa naye hadi jioni. Wafanyakazi wenzake walipata habari Jumatatu.

Miaka bila padre

Wapo vijana wanaosema wangejiunga kama wangepata kiongozi mzuri. Kiongozi mzuri ni zawadi kubwa, lakini historia ya ukanda wetu inaonyesha kwamba ushirika unaweza kusimama hata asipokuwepo.

Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, hali ilipokuwa ya hatari, waliondoka na kwenda kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka 3 waamini wachanga wa Buganda, wengi wao vijana na baadhi wakiwa bado hawajabatizwa, walibaki bila padre wala misa. Wangeweza kutawanyika. Badala yake walifundishana. Katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana watumishi na kuwalea katika imani. Huko Mityana, Matia Mulumba aliongoza kundi jingine. Mapadre waliporudi walikuta watu wanaotaka ubatizo wameongezeka.

Balikuddembe aliuawa kwa ajili ya imani yake Novemba 15, 1885, akiwa na umri wa miaka 25 hivi. Nafasi yake ya kuwalea vijana ilichukuliwa na Karoli Lwanga, ambaye naye alikuwa na umri wa miaka ya ishirini. Mei 1886, pale Munyonyo, ilipokuwa wazi kwamba kifo kinakuja na padre hayupo, Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Juni 3 walichomwa moto Namugongo. Wakatoliki na Waanglikana walikufa hapo pamoja.

Tunawakumbuka kila mwaka kwa kifo chao, na ndivyo ilivyo haki. Nawaomba vijana wawakumbuke pia kwa ile miaka 3 kabla ya hapo, ambayo haikuwa na mashahidi wala mahujaji. Miaka hiyo walikutana na kufundishana, na aliyejua zaidi alimfundisha aliyejua kidogo. Ujasiri wa Namugongo ulilelewa katika mikutano hiyo midogo. Basi kama jumuiya ya mtaani kwenu ina kiongozi asiyejua kuongoza vizuri, hiyo si sababu ya kukaa nyumbani. Inawezekana ndiyo sababu ya wewe kwenda.

Tomaso alikuwa nao

Katika Injili ya Yohana, sura ya 20, Yesu mfufuka anawatokea wanafunzi jioni ya siku ya kwanza ya juma, na Tomaso hayupo. Wenzake wanamweleza. Anakataa kuamini mpaka aone na kugusa. Wahubiri wengi hukimbilia kwenye shaka yake na kumpa jina la lawama. Mimi huvutiwa na jambo ambalo Yohana analitaja kwa maneno machache tu: siku nane baadaye wanafunzi walikuwa ndani tena, na Tomaso alikuwa pamoja nao.

Fikiria wiki hiyo ilivyokuwa. Wenzake wamejaa furaha, naye hana. Wameshuhudia jambo asiloliona. Angeweza kujitenga kwa uchungu, au wao wangeweza kumwambia arudi atakapokuwa tayari kuamini. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Alibaki mezani na shaka yake, nao wakamwachia nafasi. Bwana alipomjia, alimkuta hapo, katikati ya wenzake, na Tomaso akatoa ungamo zito kuliko yote katika Injili hiyo.

Kijana wa miaka 25 ana maswali ambayo hakuwa nayo kwenye mafundisho ya kipaimara. Amesoma sayansi. Ameomba juu ya mgonjwa, na mgonjwa akafa. Ameona kiongozi aliyemheshimu akianguka. Anaogopa kwamba akisema maswali yake kwenye kikundi ataombewa kana kwamba ana pepo. Hivyo ananyamaza, na baada ya muda haji tena, kwa kuwa ni kazi ngumu kuigiza uhakika kila wiki.

Kwa kikundi ninasema: mwenye swali apewe kiti na chai kama wengine. Si lazima ajibiwe siku hiyo. Mwambie, "Ndugu, hata mimi sijui, ila tutakuwa pamoja Jumamosi ijayo." Na kwa mwenye swali ninasema: usiondoke ili kwanza ulimalize peke yako. Tomaso hakupata jibu kwa kukaa mbali. Rudi na swali lako.

Kusema ukweli, na kutunza siri

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari mmisionari kutoka Uingereza, Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 30, mwingine ameipita kidogo. Wote wawili walikuwa wamechoka na ukavu wa imani yao, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Church alirudi hospitalini kwake Gahini, Rwanda. Uamsho ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Rwanda na Uganda hadi Burundi, Kenya na Tanganyika una mzizi wake mmojawapo katika mazungumzo hayo ya watu wawili. Huko Kagera uliwalea watu kama Josiah Kibira, aliyekuwa askofu Bukoba na, mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Watu wa uamsho walikutana kila wiki katika vikundi vidogo, wakaitana ndugu, na walikuwa na desturi iliyowashangaza majirani zao: kutembea nuruni. Mtu alisimama akasema alichokosa. Aliyeiba alirudisha. Mmisionari Mzungu alimwomba radhi Mwafrika aliyemdharau, na hilo, katika enzi ya ukoloni, halikuwa jambo dogo.

Ushirika wetu wa leo umejaa watu wanaojibu "Namshukuru Mungu" huku wanazama. Kamari za mechi kwenye simu zinamla kijana mshahara wote kabla ya tarehe 5. Picha za ngono, pombe ya siri, mikopo ya mtandaoni, uhusiano na mume wa mtu: haya yamo ndani ya kwaya zetu, na yanakua kwa sababu hayatajwi. Yakobo katika waraka wake anatuagiza kuungamiana makosa na kuombeana, ili tuponywe. Mtu anayebeba jambo peke yake anashindwa nalo.

Hata hivyo tujihadhari. Si kila jambo ni la kusemwa mbele ya watu ishirini. Tafuta mmoja au wawili waliokomaa, wa jinsia yako, na uwajaribu kwanza kwa jambo dogo. Anayekuletea siri za wengine kwa jina la maombi atapeleka na zako. Kikundi kikubaliane wazi: kilichosemwa hapa kinabaki hapa, na hata mke au mume wako humwambii. Na yapo mambo ambayo maombi peke yake hayatoshi kuyabeba. Mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake njiani. Anayepigwa au kubakwa apelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, hata kama mtuhumiwa ana cheo kanisani. Kikundi kinachoficha uovu ili kulinda jina lake kimeacha kuwa ushirika wa Kristo.

Kuna ukweli mwingine unaohitaji adabu. Dada mwenye miaka 32 anaulizwa kila Jumapili, "Lini tutakula wali?" Kaka asiye na kazi anaulizwa analeta mchumba lini. Waulizaji wanadhani wanaonyesha upendo. Muulizeni kuhusu kazi yake, wazazi wake, afya yake, na anachosoma sasa. Ndoa akitaka ataizungumza mwenyewe.

Mfuko unapopita

Sababu moja inayowafukuza vijana kimyakimya ni pesa. Bahasha ya ahadi, mchango wa ujenzi, sare ya kwaya, harusi ya mwenzetu, rambirambi: mwenye mshahara wa kuanzia anajikuta anakwepa ibada kwa aibu. Anaona ni heri asionekane kuliko kuonekana hana.

Paulo aliliona hilo. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anawafundisha kwamba toleo hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, na kwamba Mungu hahesabu alichokosa. Mwenyekiti mwenye hekima anasema maneno hayo kwa sauti kabla mfuko haujapita, na hasomi orodha ya waliotoa na wasiotoa. Sare ya kwaya inunuliwe kwa mfuko wa pamoja, ili sauti nzuri isikae nyumbani kwa kukosa kitenge.

Nami naupenda sana mnada wa mavuno baada ya ibada katika makanisa yetu ya Kilutheri. Mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku aliyefungwa miguu, boga kubwa kuliko kichwa cha mtoto, vinapandishwa bei uwanjani huku watu wanashangilia. Aliyenunua mayai huyatoa tena yauzwe upya, au humpelekea bibi aliyeketi kivulini. Kijana asiye na fedha ana nafasi pale: kubeba, kunadi, kuandika hesabu. Hakuna anayetoka bila kushiriki. Ushirika wote ungepaswa kuwa hivyo.

Neno moja kuhusu mikopo. Msaidieni mwenye shida ya kodi kwa kumpa, kila mtu kidogo, bila kudai. Deni kati ya marafiki wa kikundi limevunja ushirika mwingi kuliko mafundisho potofu. Na mkigombana, kwa fedha au kwa lolote, kumbukeni kwamba Paulo na Barnaba walitengana kwa ukali kwa sababu ya Marko, na mwisho wa maisha yake Paulo akiwa kifungoni aliomba Marko huyohuyo aletwe kwake.

Waliochoka

Matendo ya Mitume, sura ya 20, inamtaja kijana aitwaye Eutiko. Paulo alihutubu Troa hadi usiku wa manane, taa nyingi zikiwaka, na Eutiko, akiwa ameketi dirishani, alilemewa na usingizi akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mara nyingi anahubiriwa kama mfano wa mlegevu. Luka mwenyewe hamlaumu popote. Anasema alilala, akaanguka, na Paulo akashuka, akamkumbatia. Watu wakamrudisha akiwa hai, nao wakafarijika sana.

Vijana wengi wa kanisa ni Eutiko. Mlinzi anayetoka zamu saa 12 asubuhi, muuza duka anayefunga saa 4 usiku, dereva wa bodaboda ambaye Jumapili ndiyo siku yake ya hesabu nzuri. Hawajapoa kiroho. Wamechoka. Kikundi kinachowapenda kitasogeza muda, kitafupisha mkutano, kitawafuata wawili kijiweni na kuomba nao dakika kumi. Waliopata usingizi wa kutosha ndio wenye wajibu wa kushuka ngazi.

Omba jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukishaingia jumuiya usisubiri kupewa, liombe. Jitolee kupanga viti, kuandika mahudhurio, kufundisha watoto wa shule ya Jumapili, kumsomea mzee asiyeona. Mwenye kazi ana sababu ya kufika siku asiyojisikia, na siku hizo zitakuja. Chagua kundi lililo karibu na unapolala, hata kama si bora mjini, kwa sababu utakalolifikia kwa miguu ndilo utakaloendelea nalo. Kaa humo angalau mwaka mzima kabla hujaamua kwamba halikufai.

Nawe ambaye tayari una mahali, kazi yako iko wazi. Wiki hii kumbuka jina moja la mtu ambaye hujamwona kanisani kwa muda. Usimtumie aya ya Biblia. Mpigie simu, muulize yuko wapi na anaendeleaje, na kama ni jirani nenda kwake. Usimlaumu kwa kutofika. Mwambie tu kwamba mmemkumbuka, na umweleze Jumamosi mnakutana nyumbani kwa nani, saa ngapi. Mpigie leo.